Lenzi Ipi Inafaa Safari Rally? Nne kwa Mpangilio wa Ubora

Wengi wanaotafuta lenzi ya kupigia picha magari ya Safari Rally hufikiria kwanza kasi ya gari, ilhali jambo la kuanza nalo ni mahali watakaposimama na watu watakaokuwa mbele yao. Tangu mashindano haya yarejee katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, umati umekuwa ukifurika kandokando ya njia za Naivasha, na mtazamaji wa kawaida hupiga picha nyuma ya utepe, katikati ya mabega ya wenzake. Nimezipanga lenzi hizi kwa kuzingatia hali hiyo.

Nafasi ya kwanza naipa lenzi ya milimita 70 hadi 300 (milimita zikizidi, lenzi huvuta kitu karibu zaidi). Canon EF 70-300mm IS II USM ina gramu 710, hivyo unaweza kuiinua juu ya vichwa vya watu mara nyingi bila mikono kuchoka, na gari likifika karibu ghafla unarudi milimita 70 bila kulipoteza. Wapo wanaoikataa kwa sababu tundu lake la kupitisha mwanga ni dogo, f/5.6 tu, ukivuta hadi milimita 300. Katika jua la mchana la Bonde la Ufa, ISO 200 (kiwango cha chini cha kamera kuhisi mwanga) inatosha kupiga kwa 1/1000 ya sekunde. Tena picha inayoonyesha magurudumu yakizunguka na vumbi likitimka huhitaji kulifuata gari kwa kamera kwa 1/125 ya sekunde au polepole zaidi, kwa maana kasi kubwa mno ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) hulifanya gari lionekane limeegeshwa. Mwenye Nikon awe mwangalifu: lenzi za AF-P (zenye mota ya aina mpya ya kutafutia fokasi) hazipati fokasi kwenye kamera za zamani kama D90 na D7000.

Ya pili ni Canon EF-S 55-250mm IS STM, yenye gramu 375, kwa mwenye fedha kidogo. Haiingii kwenye kamera za Canon za DSLR (zenye kioo ndani) zilizo na sensa kubwa (full frame).

Ya tatu ni 70-200mm f/2.8, ambayo wengi wangeiweka juu. Hupitisha mwanga mara nne ya f/5.6, na zile za daraja la juu zina mpira kwenye kitako unaozuia vumbi la Naivasha, lililo laini kama unga. Hata hivyo, ile ya Canon EF ya toleo la tatu ina gramu 1,480, bei yake ni kubwa, na milimita 200 hupungua watazamaji wanaposogezwa nyuma.

Ya mwisho ni 150-600mm. Hata iliyo nyepesi inakaribia kilo mbili, huhitaji nafasi ambayo umati haukupi, na kwa masafa marefu mvuke wa joto unaopanda ardhini huondoa makali ya picha, hata kama lenzi yenyewe ni nzuri.

Ukinunua iliyotumika, mulika ndani kwa tochi utafute kuvu, hasa ikiwa imetoka Pwani. Kisha toka nje ya duka, simama kando ya barabara na ufuate bodaboda zinazokujia, ukipiga picha kadhaa mfululizo. Picha nyingi zikikosa makali, irudishe lenzi kabla ya kulipa.