Leuchtturm Basic kwa stempu za urithi: inafaa, ila pwani ina masharti yake

Stempu za marehemu mara nyingi hukutwa ndani ya kopo la biskuti, au zimebandikwa kwenye albamu ya picha yenye kurasa za kunata. Kopo lina nafuu. Gundi ya albamu ya picha hupenya karatasi, na plastiki ya PVC hutoa kemikali inayochujua wino. Usivute stempu iliyogandia humo. Kata kipande cha ukurasa kuizunguka, uiache ilivyo.

Leuchtturm Basic, albamu ya stempu ya Kijerumani ya saizi ya A4 yenye kurasa 32 nyeusi, ina mikanda angavu 9 ya kuchomekea stempu kwa kila ukurasa, haina PVC, na katikati ya kurasa kuna karatasi laini ya kuzitenganisha. Weusi wake si urembo. Juu yake jino lililokatika kwenye ukingo wa stempu au kona iliyopungua huonekana papo hapo, na hapo ndipo tathmini inapoanzia. Kwa stempu ndogo, ukurasa mmoja huchukua kama 60, lakini usiijaze. Ikishiba, mgongo hufura, mikanda hulegea na stempu huteleza chini kila unapofungua. Zile ndefu hupita juu ya mkanda, basi ziachie safu mbili.

Faida kubwa kwa mrithi ni kwamba unaweza kupanga na kupangua bila kubandika chochote. Chukua stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye sura ya Mfalme George VI, za 1938 hadi 1954. Thamani ileile ya shilingi ilichapishwa kwa vitobo vya ukingoni vya vipimo tofauti, na bei zake zaweza kupishana sana. Kipimo ni idadi ya vitobo ndani ya sentimita 2, kwa hiyo tafuta rula yake maalumu; macho hayatoshi. Zipange safu kwa safu kufuata kipimo, kisha ndipo ufungue katalogi ya bei za stempu. Stempu za Zanzibar zilizogongwa “JAMHURI 1964” ziwekee ukurasa wao na usizipigie hesabu mapema, kwa kuwa mihuri ya mkono ni rahisi kughushi. Zenye chapa ya “G.R. Mafia”, za kisiwa cha Mafia, ndiyo kabisa: bila cheti cha mtaalamu, zichukulie kuwa za bandia.

Tumia kibano chenye ncha bapa. Kile cha nyusi hutoboa. Stempu ambayo haijatumika na bado ina gundi yake nyuma isiguse maji, hata kama ina kipande cha karatasi kilichobaki cha kubandikia. Kukibandua kwa nguvu hung'oa gundi, na gundi ni sehemu ya bei. Stempu za zamani za rangi ya zambarau na kijani nazo usiziloweke, maana wino wa baadhi yake hukimbia majini.

Kasoro inayoumiza Mombasa, Tanga au Unguja haimo kwenye albamu bali hewani. Unyevu ukizidi, gundi hulainika na stempu hujigandisha kwenye ukurasa, tena albamu ikilazwa chini ya nyingine uzito huimalizia kazi. Isimamishe kama kitabu, mbali na ukuta wa nje, na uifungue ipate hewa kila baada ya wiki chache. Pakiti za silika, zile za kufyonza unyevu, ziwe kabatini, zisiguse kurasa, na zibadilishwe zinapolowa. Boksi la plastiki lililozibwa kabisa hufungia unyevu ndani. Mende nao hupenda gundi, kwa hiyo usiweke albamu karibu na jikoni.

Bahasha nzima haziingii humu, na hapo wengi hukosea: hukata stempu ili zikae vizuri kwenye mkanda. Bahasha yenye muhuri wa posta unaosomeka, hasa wa kituo kidogo, mara nyingi hushinda bei ya stempu iliyo juu yake. Inunulie mfuko wake usio na PVC, uiweke kando.