Komeo la kulia lisilolia

Nyota moja kwa seti hii ya kiti cha gari na kigari cha mtoto, na hiyo moja ni ya kitambaa.

Kiti cha gari cha mtoto mchanga kinapopachikwa juu ya fremu ya kigari kinatakiwa kulia mara mbili. Ka, kushoto. Ka, kulia. Seti niliyouziwa mjini inalia mara moja tu. Komeo la kushoto linashika kama mdomo wa kobe. La kulia limenyamaza, na ukitazama kwa haraka huoni kasoro yoyote, maana kiti kimekaa sawa, kimependeza, hata kivuli chake kimefunguka vizuri. Shika mpini ukivute juu ndipo utajua: kushoto kimekwama, kulia kinanyanyuka kama kifuniko cha sufuria.

Sikukijaribu na mtoto, Mungu apishe mbali. Nilikijaribu na unga. Pakiti mbili za kilo mbili mbili, nikazifunga mikanda kama abiria. Kilo nne ni uzito wa mtoto wa wiki chache, ndiyo maana nakipenda kipimo hiki, na kila jikoni kipo. Nikasukuma taratibu kwenye kabro za ploti hadi magurudumu ya mbele yalipogonga ukingo wa mtaro. Kiti kikalala upande, kikabaki kuning'inia kwa komeo moja. Pakiti moja ikapasuka. Mlinzi wa geti aliniangalia kama mtu anayeangalia mwenda wazimu akisukuma unga kwenye mkokoteni, na simlaumu.

Nikapiga simu dukani.

"Madam, sukuma na nguvu. Hiyo bado ni mpya, itazoea."

Nikamwambia komeo halizoei, kijana wangu. Komeo hushika au halishiki.

"Sasa madam, kwani nyinyi mlibebwa na nini mkiwa wadogo? Si leso tu? Na mko."

Na mko! Nimelipa pesa za seti nzima, karibu kodi ya mwezi, na jibu ninalopewa na aliyeniuzia ni kwamba tungetumia leso. Kinachonikera zaidi ni kwamba nusu ya neno lake ni kweli. Nitalifikia.

Kwanza niwaambie jinsi ya kutouziwa hivi. Ukinunua seti ya vitu viwili, kiti cha gari na kigari vinavyoungana, usijaribu vile vya maonyesho. Vile vimeunganishwa na fundi, vimefanyiwa mazoezi mwaka mzima. Dai seti yako itolewe kwenye boksi na iungwe mbele yako kabla hujatuma pesa kwa nambari ya till. Mimi niliambiwa "boksi likifunguliwa umenunua", nikakubali kama kondoo. Duka likikuambia hivyo, toka. Likikubali, pachika kiti, sikiliza milio miwili, kisha inua mpini kwa mkono mmoja hadi magurudumu ya mbele yaache sakafu. Kiti kikiachia, umepona, maana pesa bado ni yako. Halafu bonyeza kitufe cha kukiachia ukiwa na uzito ndani, kwa sababu kuna vinavyoachia vikiwa vitupu na kukwama vikibeba kilo nne.

Sasa kiti chenyewe. Nikikitenga na kigari, ni kizuri, na inaniuma kukiri. Ubavuni kina kile kibandiko cha kanuni za usalama, cha rangi ya chungwa, chenye herufi E ndani ya duara. Kibandiko kikisema ECE R44/04, kiti kinahesabiwa kwa kilo, na vya aina hii huishia kilo 13. Kikisema R129, hesabu ni ya urefu wa mtoto kwa sentimita, na mtoto anatakiwa kutazama nyuma ya gari hadi apite miezi 15. Hakuna kibandiko, hakuna biashara, hata kikiwa na picha ya dubu mzuri namna gani. Kutazama nyuma si mapambo: kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote na shingo yake bado ni uji. Gari likigonga mbele, ganda la kiti ndilo linalopokea mgongo na kichwa kwa pamoja. Akiwa ametazama mbele, kazi hiyo yote inaachiwa shingo.

Na ndiyo maana dereva wa teksi akikuambia "weka mbele hapa mathe, utamwona vizuri," mwambie asante, nyuma panatosha. Eabegi ya abiria, ule mfuko wa hewa wa ajali, ikifumuka inapiga mgongo wa kiti, palepale kichwa kilipo.

Kukifunga kwa mkanda wa gari, bila kitako (lile jukwaa la kukipachikia), ni dakika mbili ukishajua. Vile vya Ulaya vina alama za buluu. Kipande cha mkanda cha kiunoni kinapita kwenye ndoano mbili za buluu, juu ya miguu ya mtoto, kisha kile cha begani kinazunguka nyuma ya mgongo wa kiti na kuingia kwenye ndoano ya tatu. Hapo ndipo magari madogo yanapotuaibisha: mzunguko huo unakula mkanda mwingi, na mara nyingine mkanda unaisha kabla ya kufika. Shida nyingine ni kile kichwa cha kufungia mkanda. Shina lake likiwa refu, kinakuja kulalia ukingo wa plastiki badala ya mkanda, na kiti hakikazi kamwe. Usilazimishe, jaribu sehemu nyingine ya siti ya nyuma. Ukimaliza, shika kiti pale mkanda unapopita ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, anza upya, safari hii ukikikandamiza kwa mkono huku ukivuta mkanda.

Wenye ISOFIX, yaani kitako kinachong'ata vyuma vya gari lenyewe badala ya mkanda, wana raha zaidi. Ingiza vidole katikati ya mgongo na kalio la siti ya nyuma, utagusa vyuma viwili vilivyoachana sentimita 28. Vipo kwenye mengi ya magari yanayoshuka kutoka Japani siku hizi, hata kama aliyekuuzia hajui. Ila kitako kikiwa na mguu wa kusimama sakafuni, hakikisha chini yake hakuna kisanduku cha kuhifadhia vitu. Mguu ukisimama juu ya kifuniko chenye uwazi chini, siku ya ajali utazama.

Na shali! Julai ya Nairobi watoto wanavikwa sweta mbili, ovaroli, shali ya bibi na blanketi, ndipo mikanda inafungwa juu ya gunia hilo. Gari likigonga, sufi yote hiyo inabonyea, mikanda inabaki imelegea, mtoto anachomoka. Nguo nyepesi, mikanda kwanza, blanketi juu ya mikanda. Jaribu kuufinya mkanda pale kwenye mtulinga. Ukiweza kuukunja kati ya vidole viwili, umelegea. Mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo, si juu. Kidevu kikianguka kifuani, kiti kimesimama mno, na mtoto mchanga hivyo anakosa hewa kimyakimya. Kichwa kikilala upande, viringisha taulo ndogo mbili uziweke kandokando. Kandokando, nimesema. Usiweke kitu chochote nyuma ya mgongo wake.

Kwa hayo yote kiti hiki nakipa nyota nne. Haya, nne na nusu. Mikanda yake inakazwa kwa kuvuta ukamba mmoja, na kitambaa kinavulika bila kufungua skrubu hata moja.

Lakini mtu hanunui seti ili apewe nusu.

Turudi kwa leso. Kijana yule alisema kwa dharau, ila jiulize kigari kitakufaa wapi hapa. Kwenye jengo la maduka lenye lifti, ndiyo. Kwenye ploti yenye kabro, ndiyo, magurudumu yakiwa makubwa, maana yale madogo ya pachapacha yanaingia kwenye nyufa za kabro na kugeuka. Luthuli Avenue baada ya kutengenezwa, labda asubuhi mapema. Tom Mboya saa kumi na moja jioni? Utasukuma nini, na utampitishia nani, kati ya wachuuzi, mitaro isiyo na vifuniko na bodaboda zinazopanda njia ya miguu? Na matatu ndiyo usiseme: makanga atakutoza mzigo, akirushe buti, na kitashukia stage ambayo si yako. Hapo leso inashinda, nampa haki yake. Mtoto amelala kifuani, mikono yako miwili iko huru, unaruka mtaro bila kuomba msaada wa mtu.

Ila leso haina mkanda wa gari. Hapo ndipo hesabu yake ilipogoma, na ndiyo maana nawaambia wenye pesa ya kitu kimoja: nunua kiti cha gari, hata kama huna gari, maana siku ya kutoka hospitali utapanda la mtu. Kigari kingoje. Ukikipata cha mtumba pale Toi au Gikomba, chukua. Kagua breki, kagua kama mgongo unalala bapa kabisa, sukuma ukiwa umeweka uzito. Vile vyepesi vinavyokunjwa kama mwavuli vingi ni vya kuanzia miezi sita, mgongo wa mtoto mchanga hauvimudu. Kiti cha gari cha mtumba kamwe, labda kama unamjua aliyekitumia. Huwezi kujua kama kimewahi kupata ajali. Funua kitambaa utazame lile povu gumu jeupe, ufa hujificha hapo. Tafuta tarehe iliyopigwa chapa kwenye plastiki, kwa kuwa vina umri wa kufa kama maziwa ya pakiti. Na kama mikanda yake imenyooka ikang'aa kupita kiasi, huenda imelowekwa kwenye dawa ya kutoa madoa, nayo hula nyuzi.

Wenye seti kama yangu wana kishawishi kimoja cha kuangalia: kumhamisha mtoto akiwa usingizini, kutoka garini hadi kigarini hadi sebuleni, bila kumtoa kitini. Raha hiyo ndiyo inayouza seti. Lakini kiti cha gari si kitanda. Saa mbili mfululizo zimetosha, na wiki za kwanza pungufu zaidi. Ukienda Nakuru, simama Naivasha umtoe, umnyooshe, umnyonyeshe. Foleni ya Mombasa Road nayo inahesabika, wala saa haisimami kwa sababu gari limesimama. Kwa hivyo kigari kisicho na kilalio bapa, kinachotegemea kiti cha gari tu, kwa mtoto mchanga ni kigari cha dakika chache. Hilo dukani hukuti mtu wa kukuambia.

Basi, komeo. Nilikuwa nimeshaandika nyota moja nikaapa. Usiku nikalala chali chini ya fremu, tochi ya simu mdomoni, nikazichomoa zile adapta mbili, vile vipande vya plastiki nyeusi vinavyoingia kwenye fremu ili kiti kikae juu yake. Vinaonekana mapacha. Lakini kichwa cha kila kimoja kimechongwa mteremko, cha kushoto kuelekea kulia, cha kulia kuelekea kushoto, ndoano ya kiti ipate pa kung'ata. Chini ya kila kipande kuna herufi ndogo kama punje ya mchele. Nikasoma ya kwanza: L. Nikasoma ya pili: L.

Nimepewa kushoto mbili. Mguu wa adapta ni mraba, unaingia popote, ila mteremko wake unatazama nje na ndoano inang'ata hewa. Hata ningesukuma na nguvu za ng'ombe wa jembe, isingezoea.

Kwa hivyo kiti hakina kosa, fremu haina kosa, na kiwanda pengine hakina kosa kubwa kuliko la mtu aliyepakia boksi akiwa na njaa. Nikabadilisha: nyota tatu. Nikarudi mjini na vipande vyangu kwenye bahasha. Kijana hakuomba radhi, lakini safari hii alisoma herufi, akakuna kichwa, akaniita "mum" badala ya madam. Nikaongeza nusu. Akasema stoo hakuna vipuri, seti huja kamili. Akaenda dirishani, akachomoa adapta ya kulia kwenye kile kigari cha maonyesho, akanipa. Nimeijaribu palepale kaunta: ka, ka. Nikainua mpini hadi magurudumu yakaning'inia, kikashika. Nyota nne, nikasema moyoni.

Halafu nikiwa mlangoni nikageuka. Alikuwa amechukua ile L yangu ya ziada na kuichomeka dirishani, upande wa kulia, anaipigapiga kwa kiganja ikae.