Vitoto vya paka havishibi kwa mama yao? Nunua mzani kabla ya maziwa

Watu wengi wakipokea paka mzazi na vitoto vyake wawalee kwa muda, kitu cha kwanza wanakimbilia maziwa. Na mimi nilianza hivohivo, makopo mawili ya unga yapo kabatini na sijui hata nani kashiba nani hajashiba, vyote vinalia tu. Ndo maana kwenye orodha yangu namba moja sio maziwa.

1. Mzani wa jikoni wa dijitali

Uwe unasoma gramu moja moja. Kitoto kinazaliwa na gramu 100 hivi, na kinatakiwa kiongeze kama gramu 10 mpaka 15 kila siku, sasa mzani unaoruka tano tano utakudanganya. Weka bakuli, tandika kitambaa, bonyeza irudi sifuri, kitoto ndani, andika. Kila siku saa ileile.

Niliwahi kuwa na vinne, kalikuwepo kamoja keusi kanang'ang'ania titi kuliko wote, kamebana macho, miguu inakanda tumbo la mama, ungesema haka ndo kalafi ka nyumba. Mzani ukasema 131, kesho yake 132, siku ya tatu 129. Kumbe kananyonya titi lisilo na kitu! Bila zile namba ningemwongezea yule wa kijivu mpiga kelele, ambaye alikuwa anapanda gramu 12 kila siku bila shida yoyote. Alafu ukipima kabla ya kunyonya na palepale baada ya kunyonya, mama hajamlamba akakojoa, unajua kabisa kaingiza kiasi gani.

2. Chakula cha mama

Nunua chakula kilichoandikwa cha vitoto vya paka, ndio, umpe mama. Kina nguvu na protini zaidi, na anayenyonyesha kundi kubwa anaweza kuhitaji mara mbili hata tatu ya anachokula siku zote, kwa hiyo usimpimie, muache ale anavotaka na maji yawe karibu. Mara nyingi shida inaishia hapa hapa na kopo la maziwa hulifungui. Ila mshike matiti kwanza, likiwa gumu, la moto, jekundu, hapo ni daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hakuna cha kununua.

3. Maziwa yenyewe, kuanzia bora mpaka usiguse

Bora ni ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya vitoto vya paka, chapa ya KMR ndo inajulikana sana. Naipenda ya unga kwa sababu wewe unaongezea tu, hulishi kundi zima, unakoroga kidogo cha siku hiyo na kinachobaki kinakaa kwenye friji, kikimaliza masaa 24 mwaga. Fuata kipimo cha kwenye kopo. Ukizidisha unga eti kinenepe haraka utakifungisha choo au kitaharisha.

Ya pili ni ileile ila ya maji, iliyokorogwa tayari. Haina mabonge na saa tisa usiku utaishukuru, lakini ukishafungua ina siku chache tu, kwa kitoto kimoja nusu kopo utamwaga.

Ya tatu, maziwa ya mbuzi, ya kuvukia usiku mmoja tu wakati unatafuta ya unga. Ya ng'ombe hapana kabisa. Protini yake haifiki hata nusu ya ile ya maziwa ya paka, na vitoto vingi vinaharisha, na kitoto cha gramu 150 kikiharisha maji yanaisha mwilini haraka sana.

Mtego ambao watu wazima na akili zao wanaingia: kuna maziwa yana picha ya paka, yameandikwa ya paka, kumbe ni kinywaji cha paka wakubwa cha kuwafurahisha tu. Hayakuzi kitoto. Soma maandishi madogo, utafute yanayosema ni badala ya maziwa ya mama.

4. Chupa au siringi?

Kwa kuongezea tu, mimi siringi isiyo na sindano, mililita 1 au 3, imevikwa kachuchu kadogo ka silikoni kwa mbele. Unaona mililita zinavoshuka, na kwa vile tumbo lao linabeba kama mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito, kile ambacho kimeshanyonya kwa mama kinahitaji kidogo sana. Usisukume, kiache kivute. Nunua siringi kadhaa maana zikishaoshwa mara nyingi mpira wa ndani unaanza kukwama, unasukuma haiendi haiendi alafu ghafla yote mdomoni, hapo ndo kinapaliwa na maziwa yanaingia mapafuni.

Chupa ni nzuri kwa kinachonyonya kwa nguvu. Chuchu nyingi zinakuja hazina tundu, unatoboa mwenyewe, ukiipindua chupa yadondoke tone tone, yakichuruzika hiyo tupa. Na kitoto kilale kifudifudi kama kiko kwa mama, sio chali kama mtoto wa mtu.

5. Chupa ya maji ya moto na taulo

Kama unayo nyumbani usinunue, izungushie taulo tu. Kitoto cha baridi hakisagi maziwa, yanakaa tumboni yanachacha. Kishike masikio na nyayo, vikiwa vya baridi kipashe kwanza polepole, maziwa baadae, nayo yawe ya vuguvugu.

Kale keusi tulikaongezea siku sita. Siku ya saba kakaitema chuchu ya silikoni, kakageuka kakamsukuma mwenzake wa kijivu kwenye titi la nyuma, nikakaweka kwenye mzani: 204.