Daktari wa simu na zahanati ya watoto Tabata: maoni ya mama

Mwanangu ana mwaka na miezi miwili. Aliposhikwa na homa na kikohozi usiku, nilimpigia daktari wa kwenye programu ninayoilipia kila mwezi. Alikuwa mpole na aliuliza ya maana: homa imeanza lini, ananyonya, anatapika? Picha ilikuwa inakatika kila mara. Akaandika dawa ya kikohozi na ya kushusha homa, tukaagana. Hakuniambia hata nimfunue mtoto kifua.

Kulipokucha nikampeleka zahanati ya watoto hapa Tabata, na hiyo ndiyo ninayotaka kuisifia.

Foleni ipo, na mabenchi hayatoshi. Lakini nesi anapita kwenye foleni akimgusa kila mtoto, na aliyelegea anatangulizwa. Hilo peke yake lilinituliza.

Daktari ni mama wa makamo. Nilipomwamkia aliitikia, kisha akasema, "Mama, mwache alale hivyohivyo mapajani, usimwamshe." Akapandisha fulana taratibu, akaweka saa mezani, akahesabu pumzi dakika nzima bila kusema neno. Zilikuwa 52. Akanieleza kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi zikifika 40 kwa dakika ni za kasi. Wa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50. Akilia hesabu inaharibika, ndiyo maana hakutaka aamshwe. Akanionyesha na chini ya mbavu: akivuta hewa, pale hapabonyei kwenda ndani, na hiyo ilikuwa nafuu.

Stetoskopu aliisugua kiganjani ipate joto kabla ya kuigusisha mgongoni. Akabonyeza tumbo, akafungua viganja kuangalia kama vimepauka kwa upungufu wa damu. Masikio na koo aliviacha mwisho, kwa kuwa hapo ndipo watoto hulia. Sikio la kulia lilikuwa jekundu ndani. Simu gani ingeliona hilo? Kidole kikachomwa kwa kipimo cha haraka cha malaria, hakuna kitu.

Ilikuwa nimonia. Tulipewa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha, cha kwanza akanywa palepale nesi akinielekeza. Turudi baada ya siku mbili, na tusingoje siku hizo akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege. Tuliporudi, walihesabu pumzi upya. Zilikuwa zimeshuka.

Huduma ya simu sijaiacha. Kusomewa majibu ya vipimo, kuuliza dozi usiku wa manane, kufuatilia upele ambao daktari ameshauona kwa macho yake, huko inanifaa sana. Ila mtoto asiyeweza kusema panapomuuma, mwenye homa na kikohozi, anahitaji mikono. Nawaomba wenye huduma hizi wawaambie wazazi waziwazi, "Mpeleke akapimwe leo," na wasiwatoze kwa simu ya namna hiyo.

Zahanati naipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa ajili ya choo kimoja kwa watu wote wale, na kwa kufunga Jumapili. Daktari wa simu, kwa mtoto mgonjwa, nyota 2. Mkienda, fikeni kabla ya saa mbili asubuhi na mbebe kadi ya kliniki, maana uzito wa nyuma wanausoma kweli.