Uzoefu Wangu na Seti ya Roketi ya Mota F na G

Boksi lilifika mwezi wa pili, theluji bado imejaa nje hapa Maryland, nikalifungua na binti yangu juu ya meza ya kulia chakula. Ndani tulikuta mirija miwili ya karatasi nene yenye kipenyo cha inchi 2.6, mapezi manne ya plaiwudi yaliyokatwa kwa leza, pua ya plastiki, pete za plaiwudi, parachuti ya nailoni, kamba ya kuunganisha mwili, pua na parachuti, na mrija wa mota wa milimita 29. Nililipa dola 85. Kampuni siitaji, kwa sababu nina lawama mbili na sifa nyingi, na seti za aina hii hutengenezwa na kampuni kadhaa kwa namna inayofanana.

Kwa ambaye hajawahi: mota za roketi ndogo hupangwa kwa herufi, na kikomo cha nguvu ya jumla ya kila herufi, kinachopimwa kwa newtoni-sekunde, ni mara mbili ya iliyotangulia. Zile ambazo watoto huanza nazo, A hadi D, kwa kawaida ni za baruti nyeusi. E, F na G ndizo daraja la kati. F huishia newtoni-sekunde 80, G huishia 160, na kuanzia H hapa Marekani huuziwi bila cheti. Maandishi ya kwenye mota nayo husomwa hivi: F50-9 ni mota ya daraja F, msukumo wake wa wastani ni newtoni 50, na ikishazimika husubiri sekunde 9 kabla ya baruti kidogo iliyo mbele kulipuka na kuisukuma parachuti nje. Ishike hiyo 9, tutairudia.

Kuunda kulituchukua wiki tatu, jioni za Jumamosi na Jumapili. Kilichonifurahisha zaidi ni mapezi. Katika seti za watoto pezi hugundishwa juu ya ngozi ya mrija tu, likigonga ardhi linang'oka. Hapa mwili umekatwa nafasi, pezi linapenya hadi ndani na kushikana na mrija wa mota wenyewe, kwa hiyo linagundishwa sehemu mbili. Kila kipande kiliingia mahali pake bila kulazimishwa, msasa tuliutumia kidogo sana. Binti yangu, ambaye ana miaka 12, aligundisha mapezi mawili mwenyewe na hayajatikisika hadi leo.

Kosa langu lilianzia hapo hapo kwenye gundi. Mimi nimekulia Malindi, na kwa mafundi niliowajua udogoni, kitu kilichoshikishwa kwa Araldite, yaani gundi ya epoksi, ndicho kitu kilichoshikishwa. Nikapaka epoksi kila kona, ndani na nje, nikaongeza tena kuzunguka pete za mkiani. Karatasi na mbao hushikana vizuri kabisa kwa gundi ya kawaida ya mbao, na maelekezo yalisema hivyo. Uzito wote huo ukakaa nyuma, na roketi yenye mkia mzito haina adabu angani: kitovu cha uzito kinapaswa kuwa mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, angalau kwa umbali unaolingana na kipenyo cha mwili. Nilitumia OpenRocket, programu ya bure ya kukokotoa mwendo wa roketi, nikaona umbali hautoshi, nikatia udongo wa kufinyanga puani mpaka roketi ikasawazika panapotakiwa. Kisha rangi, tabaka nne. Sikuipima kwenye mizani. Karatasi ya maelekezo ilisema gramu 610, nami nikaichukua namba hiyo kama ilivyo.

Tuliirusha Great Meadow, kule The Plains, Virginia, uwanja wa mashindano ya farasi ambako pia hufanyika fainali za American Rocketry Challenge, zile ambazo wanafunzi hurusha yai bichi na kulirudisha zima. Klabu ilitupokea vizuri. Msimamizi wa usalama alitikisa mapezi, akavuta kamba, akahakikisha mota haitoki, akauliza uzito. Nikamwambia 610.

Mota yangu ilikuwa F50-9T, mojawapo ya zilizopendekezwa kwenye boksi. Herufi T ya mwisho hutaja aina ya mafuta, na mafuta yake si baruti nyeusi. Ni amoniamu pakloreti, chumvi inayotoa oksijeni ya kuunguzia, iliyokandwa ndani ya mpira. Roketi za watoto huchomoka kwa mlio wa kufyonya. Hii ilinguruma, kifua kikaitikia, na kwa muda kama wa sekunde moja na nusu tuliona moto wenye weupe wa bluu ukipanda wima. Ikazimika, ikaendelea kupanda kimya. Ikafika kileleni, ikageuza pua chini. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nayo inazidi kushika kasi. Ndipo parachuti ikatoka, kwa kishindo. Tulipoifikia, kamba ilikuwa imeuchana mwili kuanzia mdomoni, sentimita 14.

"Baba, imechanika kama pakiti ya unga," binti yangu akasema.

Nyumbani niliipima: gramu 830. Roketi nzito haipati kasi ile ile, hivyo hufika kileleni mapema. Sekunde 9 zilizofaa roketi ya gramu 610 zilikuwa nyingi mno kwa yangu. Parachuti ilifunguka wakati imekwisha kuanguka kwa kasi, na kamba nyembamba ikakata karatasi kama uzi unavyokata sabuni. Epoksi ni yangu, mizani nisiyoitumia ni yangu. Lakini lawama ya kwanza naiweka kwa watunzi wa maelekezo: wanaorodhesha mota kwa uzito wa seti tupu, bila mstari hata mmoja unaokuambia pima roketi yako ikishakauka rangi, ndipo uchague sekunde. Lawama ya pili ni kamba. Ni nyembamba na ni fupi mno, mita moja na nusu tu. Badilisha kabla hujarusha. Mimi niliweka utepe wa nailoni wa mita 5, mpana kama kidole, na parachuti nikaikinga kwa kitambaa kisichoshika moto.

Kurekebisha hakukuwa kazi. Nilikata sehemu iliyochanika, nikaunganisha kipande kipya cha mrija kwa kiungo cha ndani, safari hii kwa gundi ya mbao. Mwezi uliofuata tulirudi na F50-6T. Parachuti ilifunguka kileleni penyewe, roketi ikiwa karibu imesimama, na altimita, kipima kimo kilichokuwa ndani yake, ikaandika mita 241. Mwezi wa kumi tukatia G80-7T. Siku ile palikuwa na upepo, kwa hiyo niliongeza Chute Release ya Jolly Logic, kifaa kidogo kinachoibana parachuti hadi roketi ishuke kwenye kimo ulichochagua. Ilifika mita 468, ikaanguka bila kufunguka hadi mita 90, ikatua hatua mia mbili kutoka tuliposimama. Bila kifaa hicho ingeishia kwenye miti.

Kwa kifuko cha pesa: mota tatu zilinigharimu karibu bei ya seti yenyewe, na zikisafirishwa hutozwa ada ya mzigo wa hatari, hivyo nunua uwanjani kwa muuzaji ukiweza. Kwa mtu aliyekwisha kurusha roketi ndogo mbili tatu, seti hii ningemshauri ainunue bila kusita.

Mjomba wangu ni mvuvi wa Ngomeni, karibu na Malindi. Wakati setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru inarushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililo baharini hapo karibu, tarehe 12 Desemba 1970, alikuwa kijana, na tangu utoto wangu nimemsikia akisimulia moto ukipanda kutoka baharini. Scout, roketi iliyoibeba, nayo ilitumia mafuta magumu kama mota zangu, katika vipande vyake vyote vinne vilivyowaka kimoja baada ya kingine. Nilimtumia video ya G80. Alipiga simu usiku uleule, akaitazama mara kadhaa tukiwa hewani, kisha akataka kujua inashukaje, maana zile za kwao zilikuwa haziji tena. Nikampa simu binti yangu amweleze habari ya parachuti.