Shamba la wasabi Izu: shambani raha, mezani karaha

Mkipanga kwenda kuona wasabi, kile kiungo kikali cha kijani cha Wajapani, kule Izu, mkoa wa Shizuoka nchini Japani, nendeni. Ila kwenye shamba nililokwenda mimi, chakula kuleni kwingine. Bado nina hasira.

Ile ya kwenye tyubu inayojaa madukani, nyingi ni mzizi mwingine uliotiwa rangi ya kijani. Mimi nilifuata ya kweli, iliyokunwa papo hapo, maana ukali wa wasabi huzaliwa tunguu, yaani shina nene la mmea wake, linapokunwa, na baada ya kama robo saa umeshafifia. Wanaolima wanalijua hilo kuliko mimi.

Shambani, siwezi kusema uongo, pazuri mno. Matuta ya mawe yameshuka ngazi kwa ngazi, na maji baridi ya chemchemi yanapita kwenye changarawe bila kusimama. Mzee aliyetutembeza aling'oa mche mmoja, akausuuza palepale, akatuonyesha makovu ya majani yaliyodondoka, yamelizunguka tunguu zima. Hilo, akasema, limekaa majini karibu miaka miwili.

Tukaingia mgahawani kwao. Nikaagiza wali wa moto wenye samaki mkavu aliyeparuliwa, na wasabi juu yake. Picha ya mlangoni inaonyesha mteja anakuna mwenyewe kwenye kibao cha ngozi ya papa. Mimi nikaletewa kibonge kilichokunwa sijui saa ngapi, pembeni kimeshakauka. Puani hakikufika kabisa!

Nikamwita dada wa mezani kwa adabu, nikamwomba tunguu na kibao. Hakutamka neno. Alipishanisha mikono mbele ya kifua, ishara ya "hapana" kwa Wajapani, akaenda zake. Na meza ya pili, watu walioingia baada yetu, wanakuna yao! Bei haikuniuma, hilo ndilo lililoniuma. Yaani mgeni apewe chochote tu? Kilimo hiki FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikiingiza kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2018, halafu mnakimalizia hivi mezani?

Nyota moja, nilishaamua. Wakati wa kutoka yule mzee akaniuliza chakula kilikuwaje, nikamweleza. Akaingia jikoni, akarudi na kibao na tunguu bichi. Akaanza kukuna upande wa majani, anazungusha taratibu bila kukandamiza, akaniambia nisubiri kidogo. Jamani! Ilipanda puani mpaka machozi yakanitoka, mara ikatoweka, ikabaki tamu. Kwa ajili yake nikasema basi, nyota nne.

Lakini kila nikikumbuka alivyoinama kuniomba radhi kwa kosa lisilo lake, na dada yuko pale pale anafuta meza, napanda upya. Mbili, tena zote za mzee. Ukienda, ulizia kibao kabla hujalipa.