Majitaka: bomba kuu la barabarani au bomba dogo la uani?

Mfumo uliozoeleka hulaza bomba kuu barabarani, aghalabu la milimita 200 na zaidi, na kila nyumba hujiunga kwa laini yake. Bomba hufukiwa chini sana lisivunjwe na malori, na kadiri linavyosonga mbele mteremko hulizamisha zaidi. Pesa huishia hapo: kuchimba, kuzuia kingo za mtaro zisiporomoke, kujenga chemba za kuingia mtu.

Mfumo wa pili ulibuniwa Brazili, jimbo la Rio Grande do Norte, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha mji mkuu, Brasília, ukautumia kwa upana. Bomba la milimita 100 hupita uani au pembeni mwa njia, nyumba hadi nyumba, na kundi zima la nyumba huungana na bomba kuu mahali pamoja. Magari hayapiti juu yake, hivyo sentimita 40 hivi za udongo zinatosha. Chemba ni ndogo, fundi anazibua akiwa juu.

Kwa mtaa uliobanana kama Vingunguti, Dar es Salaam, nachagua wa pili bila kusita. Ila jirani mmoja akijenga juu ya chemba, au akitupa nepi chooni, walio upande wa juu wa mteremko wote wanafurikiwa. Nani anazibua na nani analipa, yaandikwe kabla jembe halijagusa ardhi. Na kama maji yanatoka kwa mgawo, uchafu utaganda bombani. Shughulikieni maji kwanza.